Mafundo Manne Kila Asubuhi

Kaka yangu alinipigia simu Jumapili moja, nikiwa nafua, akaniuliza kama maji ya duara lake yanapanda au hayapandi. Mimi nilikuwa Shinyanga mjini, kwenye chumba changu cha kupanga. Duara lenyewe lilikuwa huko upande wa Mwakitolyo. Nikamwambia, "Kaka, si wewe ndiye uliye huko?"

"Mimi niko huku," akasema, "lakini wewe ndiye unayesoma kompyuta."

Duara ni shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu. Unashuka wima kama unaingia kisimani, halafu unageuka kando na kufuata mwamba wenye mali. Kaka yangu ndiye aliyekuwa msimamizi wa duara lile, na alikuwa akishuka na watu kumi na mmoja. Walikuwa wakichimba njia ya juu, lakini mwamba wa juu ulikuwa unaelekea kuisha, na wote walijua kwamba chini kabisa kuna njia ya zamani iliyozibwa kwa viroba vya udongo. Walitaka kuifungua. Kilichowazuia ni maji yaliyokuwa yanatuama sakafuni mwa duara, karibu na mlango wa njia hiyo. Msimu wa mvua uliopita, duara jingine lisilo mbali na lao liliingiwa na maji watu wakiwa ndani, na mmoja hakutoka. Tangu hapo, kila msimamizi akisema "tushuke chini", watu wanamtazama usoni kwanza.

Kwa hiyo swali la kaka lilikuwa swali la uhai wa watu kumi na wawili, yeye akiwa mmojawapo, na aliyeulizwa alikuwa mimi.

Ningeweza kusema sijui. Watu wenye akili husema hivyo wakiwa hawajui. Lakini marehemu mama yetu alizoea kusema kwamba mdomo wangu hufika kabla ya miguu, na siku ile ulifika. Nikamwambia anitumie vipimo vya kila siku, nitavichora, nitampa jibu. Akashukuru kwa Kisukuma, "Wabeja," na mimi nikarudi kwenye beseni langu nikijiona mhandisi.

Ukweli wa mambo ni kwamba nilikuwa na wiki sita tu za kugusa programu ya kuchorea vitu kama hivyo. Nilikuwa nimeanza diploma ya umeme nikiwa mtu mzima, baada ya miaka ya kupika na kuuza chakula machimboni, na darasani nilikaa na watoto waliozaliwa simu za kupangusa zikiwa karibu kufika. Mwalimu alitupa somo la ishara za msingi: chora ngazi, chora mteremko, chora kijiti kimoja kinachosimama peke yake, chora wimbi. Vyote hivyo kwa kuandika maneno machache kwenye programu ya hesabu, unabonyeza, picha inatokea. Kwa wenzangu zilitokea. Kwangu zilitokea namba. Nilikuwa nasahau kuweka nukta mkato mwishoni mwa mstari, basi kompyuta inanimwagia namba elfu moja na moja kwenye kioo, zinapita mbio kama siafu waliotibuliwa, na mimi nimeshika kiti sijui nizizuie na nini.

Nilipojua kuzizuia, tatizo likawa jingine. Sikuelewa kwamba kabla ya kuchora wimbi lazima kwanza utengeneze muda. Unaiambia kompyuta: muda unaanza sifuri, unakwenda hadi kumi, unaruka hatua kadhaa. Mimi muda nimezoea uje wenyewe. Nilimuuliza mwalimu, kwa nini tuutengeneze? Akacheka kidogo, mtu mpole yule, akasema kompyuta haina jua wala jogoo. Nilikubali kwa kichwa. Moyoni nilibaki gizani vilevile.

Vipimo vya kaka vilikuja kwa ujumbe wa simu kila asubuhi. Walipima kwa kamba yenye mafundo, yenye jiwe mwishoni. Inashushwa mpaka sakafuni, inavutwa, wanahesabu mafundo yaliyolowa. "Manne na kidole." Kesho yake: "Manne." Keshokutwa yake: "Manne na vidole viwili." Kamba ilishushwa saa moja asubuhi, kabla mtu wa kwanza hajaingia, na ilishushwa mara moja tu kwa siku. Kwenye duara lile ilikuwa ni mwiko kuishusha mara ya pili. Walisema kumpimapima mwenyeji ni kumwita, na mwenyeji wao ni maji. Sikuushangaa mwiko huo, kwa sababu walikuwa nao mwingine ulionihusu zaidi: mwanamke haruhusiwi kusogelea mdomo wa duara. Akifika pale, mali inakimbia na duara limeharibika. Watu wote hutoka, na hakuna anayeshuka mpaka litakapotengenezwa na mganga, siku saba. Miaka yote niliyouza chakula kule nilikomea kwenye gogo lililolazwa chini kama mpaka. Wateja wangu walikuja kula wakiwa wameloa tope mpaka masikioni, wananiita mama ntilie, wananitania, lakini mahali walikotoka sikuwahi kupaona kwa macho.

Nilikusanya asubuhi ishirini. Siku ya ishirini niliketi maabara, nikatengeneza muda wangu, siku ya kwanza hadi ya ishirini, nikaweka mafundo, nikabonyeza. Mstari ukatokea. Umenyooka, wenye vijitikisiko vidogo vya vidole viwili vitatu. Nilifurahi kupita kiasi. Ilikuwa mara ya kwanza picha yangu kutoka bila kuita mtu, na tena ilikuwa habari njema. Niliipiga picha nikamtumia kaka, chini nikaandika: "Maji hayapandi. Yako shwari."

Nilikuja kujua baadaye kwamba aliipeleka steshenari ya pale senta, ikachapwa, ikawekwa nailoni ngumu, ikatundikwa kwenye nguzo ya kibanda wanapobadilishia nguo. Watu waliitazama wakaridhika. Wakakubaliana njia ya chini ifunguliwe Jumatatu ya wiki iliyofuata.

Jumatano, kabla Jumatatu hiyo haijafika, mwalimu alitupa zoezi. Chora wimbi linalomaliza mzunguko mmoja kwa kila sekunde moja, kwa sekunde kumi. Nikaandika. Muda wangu nikauambia utoke sifuri hadi kumi, uruke hatua ya moja moja, kwa sababu ndivyo nilivyofanya kwa siku za kaka na mambo yakaenda vizuri. Nikabonyeza.

Kilichotokea hakikuwa wimbi wala mstari. Yalikuwa meno ya msumeno, yanakua jinsi yanavyokwenda kulia, na pembeni juu kulikuwa na namba ndogo ya ajabu yenye herufi ndani yake. Nikafuta, nikaandika upya. Meno yaleyale. Nikazima kompyuta nikaiwasha. Nikaanza kupandwa na hasira, na mimi hasira zangu ziko karibu. Jirani yangu akachungulia akasema, "Dada, hiyo ni sifuri."

"Sifuri gani ina meno?"

"Ni sifuri yenye uchafu. Ni ndogo mno, kompyuta imeikuza."

Sikumwelewa hata nusu. Mwalimu akaja, akaiambia picha ionyeshe kutoka hasi moja hadi moja, na yale meno yote yakalala. Ukabaki mstari mmoja wa sifuri, umenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikamwambia wimbi limepotea. Akasema halijapotea, liko palepale. Akabadilisha kitu kimoja tu: hatua ya muda, badala ya moja akaweka sehemu ya kumi ya moja. Akabonyeza. Wimbi likasimama kwenye kioo, linapanda na kushuka mara kumi, zuri kabisa.

"Ulikuwa unalichungulia kila linapopita sifuri," akasema. "Mzunguko mmoja, unachungulia mara moja, kila mara mahali palepale. Lazima uone mstari."

Akaenda kwa mwingine. Mimi nilibaki nimekodoa macho. Nilirudisha hatua ya moja, wimbi likalala. Nikaweka sehemu ya kumi, likaamka. Nilifanya hivyo mara nyingi, na kila mara nilikuwa naelewa na kutoelewa kwa pamoja. Wimbi ni lilelile. Namba zote ni za kweli, hakuna hata moja ya uongo. Sasa mstari umetoka wapi?

Halafu nikakumbuka kamba ya kaka, saa moja asubuhi.

Kaka alikuwa amenilalamikia siku moja, tukizungumza mambo mengine kabisa, kwamba jirani zao wana pampu yenye kelele inayoanza kunguruma alfajiri na kunyamaza saa tano. Wakati ule nilimpa pole ya usingizi. Sasa nilijiuliza: kama mwamba ni mmoja na maji ni yaleyale, jirani anapovuta alfajiri si na kwetu yanashuka? Na akizima saa tano? Saa nane je? Sisi tulikuwa tukichungulia mara moja kwa siku, kila mara mahali palepale.

Nilitoka nje nikampigia. Nilieleza vibaya, kwa pupa, nikichanganya mawimbi na pampu na meno ya msumeno. Kaka alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Si ulisema shwari?"

"Nilisema. Sasa sijui. Pima saa tisa mchana."

"Unajua kamba haishuki mara mbili."

"Kaka, njia ile ina mlango usawa wa fundo la ngapi?"

Akahesabu kwa sauti ya chini. "La sita. Halafu ndani inateremka."

Wote wawili tulielewa maana yake. Maji yakivuka fundo la sita watu wakiwa ndani, yanawamwagikia kwa nyuma, mlangoni, na hakuna pengine pa kutokea.

Alhamisi alipima kwa siri, saa tisa, watu walipotoka kula. Ujumbe wake ulikuwa na neno moja: "Saba." Nusu saa baadaye akapiga mwenyewe. Alisema alikuwa na haraka, kamba huenda ilijikunja chini, huenda ililowa ikigusa ukuta, hana hakika. Na kulikuwa na mtu aliyemwona akiwa na kamba mkononi, maneno yamekuwa mengi, na wengine wanasema mwanamke wa mjini ndiye anayemtuma. Hapimi tena.

Basi nikawa na asubuhi ishirini na mchana mmoja wenye mashaka. Ijumaa nilikaa maabara tangu saa mbili mpaka walipofunga. Nilichora wimbi linalopita kwenye nukta zote, likawa linafika fundo la saba kila siku. Nikachora jingine linalopita kwenye nukta zilezile, likawa linafika la tisa. Nikachora mstari ulionyooka wenye mwiba mmoja siku ya Alhamisi, yaani kamba iliyojikunja, na wenyewe ukapita kwenye nukta zote vizuri kabisa. Picha tatu, vipimo ni vilevile, na kila moja inanitazama kana kwamba ndiyo ya kweli. Nilimwonyesha mwalimu. Alizitazama, akasema kwa nukta moja ya mchana hawezi kuniambia kitu, nilete zaidi. Nikamwambia haziwezi kupatikana. Akasema basi hawezi. Sikumchukia. Ni mimi niliyekuwa nimesema naweza.

Jumapili kaka alinipigia. Nilimwomba aahirishe. Akaniambia neno ambalo mpaka leo sijalipatia jibu: "Nikiwaambia karatasi ya pili inapinga ya kwanza, wataniuliza ipi ni ya kweli. Sasa nakuuliza wewe, mdogo wangu. Ipi ni ya kweli?"

Nikaanza kumweleza upya habari za kamba na pampu.

"Unaona," akasema, bila ukali. "Kesho tunaingia."

Jumatatu nilifika Mwakitolyo saa nne na nusu. Sikuwa na mpango. Nilibeba karatasi tatu kwenye mkoba, na njia nzima nilikuwa nazipanga: nianze na ya saba, au ya tisa? Wanawake wenzangu wa zamani walinipokea kwenye majiko yao kwa shangwe, wakataka nikae, ninywe chai. Niliuliza wa duara la kaka wako wapi. Wakasema wameshashuka tangu asubuhi, wote, leo ndiyo leo.

Nilikwenda mpaka kwenye gogo. Ng'ambo yake, hatua kama thelathini hivi, alikuwa mzee mmoja anayeshughulikia winchi ya kupandishia mawe na watu. Namfahamu tangu zamani, hali pilipili. Nikapaza sauti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mayu. Mwangaluka," akaniamkia kwa Kisukuma, akiniita mama. "Umekuja kututazama?"

Nikamwambia nimekuja kuwaomba watoke. Maji huenda yanapanda mchana, pampu ya jirani ikizimwa.

"Huenda," akarudia, kwa heshima. Akanyoosha mkono kwenye nguzo ya kibanda. Ilikuwa pale ndani ya nailoni, kazi yangu, ikimetameta. "Karatasi yako si ile pale? Imenyooka."

"Nilikosea, baba. Ninazo nyingine." Nikazitoa. Aliniomba nizinyanyue azione kutoka alipo. Nikazinyanyua, moja baada ya nyingine, kama mtu anayeuza kalenda. Akazitazama zile zenye mawimbi, akakunja uso.

"Hizi ndizo zimekosewa, mayu," akasema. "Hebu ona zinavyoyumba."

Kwa haki ya Mungu, hata mimi ningeichagua ile iliyonyooka. Upande wa pili wa kichuguu, pampu ya jirani ilikuwa ikinguruma, na muda si mrefu ikakohoa ikazimika. Niliangalia simu. Saa tano na dakika mbili. Nikawa nawaza kwamba sasa maji yanaanza kupanda, au hayaanzi. Kwamba mimi ni mjinga, au si mjinga. Niliogopa vibaya sana, na sikujua naogopa maji au naogopa kuchekwa.

Nikavuka gogo.

Mzee hakuamini mwanzoni. Alisema, "Mayu, mayu," taratibu, kama anayemzuia ng'ombe asiingie shambani. Niliendelea kutembea. Nyuma yangu mwanamke mmoja akaanza kulia kwa sauti. Nilifika mdomoni mwa duara, nikashika magogo yake, nikainama nikatazama ndani. Sikuona kitu. Giza, na hewa ya baridi yenye harufu ya udongo mbichi ikanipiga usoni. Basi ndipo hapo, nikawaza, na nikabaki nimeinama mpaka nilipohakikisha kila mtu ameniona.

Mzee alichukua nondo akagonga chuma kilichoning'inizwa, mara nyingi, bila kupumzika. Kule chini walielewa maana yake. Duara limeharibiwa.

Walitoka mmoja mmoja, wamefumba macho kwa mwanga. Kila aliyenikuta pale alitema mate pembeni akapita. Mmoja alinitukana, na mwingine, kijana niliyemlisha kwa miaka miwili, aliniuliza tu, "Dada, kwa nini?" Nikasema sijui. Ndilo jibu nililopaswa kutoa tangu Jumapili ile ya kwanza. Nilikuwa nahesabu kwa vidole vya mkono nilioficha ndani ya kanga: tisa, kumi, kumi na mmoja.

Kama maji yalifika fundo la saba mchana ule, hakuna ajuaye. Duara lililoharibiwa halipimwi. Na baada ya siku zile saba mwenye duara aliamua kulifunga kabisa, akasema limeingia mkosi, na watu wakatawanyika, wengine Kharumwa, wengine nyumbani kulima. Wapo wanaoamini mpaka leo kwamba niliwakimbizia mali yao. Sina kipimo cha kuwaonyesha.

Wa kumi na mbili alikuwa kaka yangu. Alipandishwa taratibu, kofia mkononi, suruali imelowa mpaka magotini, na sijui kama ilikuwa maji au jasho au tope la kawaida. Alikanyaga ardhi, akaniona, akaelewa. Nilipiga goti kama tulivyofunzwa, nikamwamkia.

"Shikamoo kaka."

Alinipita. Tangu kuzaliwa kwangu, hiyo ilikuwa shikamoo yangu ya kwanza ambayo hakuiitikia, na niliisikiliza miguu yake ikiondoka nyuma yangu, hatua kwa hatua, mpaka ilipovuka gogo.